1.10 kwa tarehe, au 2.0 ikiiva? Kupanga toleo lijalo la maktaba ya mtandao

Toleo letu la 1.9 limeshatoka, na sasa swali mezani ni moja. Lifuatalo liwe 1.10, dogo, lenye tarehe yake tangu leo? Au liwe 2.0, kubwa, litoke siku litakapoiva? Tuko wanne. Maktaba yenyewe si ya vitabu: ni programu huria, msimbo ambao programu nyingine huutumia kufungua na kutunza miunganisho ya mtandao, na hakuna kati yetu anayelipwa hata senti. Tunakutana Tudor, hapa Mombasa, Jumamosi usiku, kompyuta nne juu ya meza moja, sahani ya viazi karai katikati, na kila mtu ana jibu lake. Nimeona niyaweke majibu yote mawili upande kwa upande, kwani najua hatuko peke yetu wenye mvutano huu.

Niseme mapema nilikoegemea: tarehe. Lakini mwenzetu anayeitaka 2.0 si mtu wa kupuuzwa, na kuna mahali ananishinda. Nitapafikia.

Matatu na treni

Anayetoa toleo mpaka likamilike ni kama matatu ya Malindi: haing'oki mpaka ijae. Anayetoa kwa tarehe ni kama treni ya Miritini: saa ikifika inaondoka, uwe umepanda au bado uko kwenye tuktuk pale Changamwe.

Matatu ina sifa yake. Ikitoka, imetoka na watu. Mtumiaji anayepakua toleo anaona kitu cha maana ndani yake. Tabu ni ya abiria wa kwanza. Kaingia mapema, kakaa dirishani, jua linampiga, anangojea mtu wa kiti cha mwisho ambaye pengine bado yuko Kongowea ananunua nyanya. Katika maktaba, abiria huyo wa kwanza ni rekebisho la hitilafu. Limeandikwa, limejaribiwa, limekubaliwa, halafu linakaa miezi saba likingojea kipengele kikubwa ambacho hata hakihusiani nalo.

Treni nayo ina faida ambayo watu huisahau: inaondoa ugomvi mlangoni. Ukijua nyingine inaondoka baada ya wiki nane, huna haja ya kusukuma msimbo wako mbichi usiku wa mwisho. Ukijua nyingine haijulikani itakuwa lini, utausukuma, na mimi ningefanya vivyo hivyo. Nimeona hitilafu nyingi zikiingia kwa njia hiyo kuliko kwa uzembe.

Halafu kuna wale abiria wa bandia, vijana wanaokalishwa ndani ili gari lionekane karibu kujaa. Nimezipekua 2.0 kadhaa za watu nikawakuta humo: fanksheni (vipande vya msimbo vinavyoitwa kwa jina) zilizobadilishwa majina tu, mafaili yaliyohamishwa kabati, ili orodha ya mabadiliko ionekane nzito kama namba yenyewe.

Waliotangulia

Mfano bora wa treni ni curl, programu ya kuhamisha data mtandaoni, na maktaba yake libcurl, mradi wa Daniel Stenberg ulioanza kuitwa curl mwaka 1998. Toleo jipya hutoka kila baada ya wiki 8, kwa kawaida Jumatano. Mzunguko una siku 56: baada ya toleo kutoka kuna siku 10 za kutulia na kusikiliza malalamiko, kisha siku 21 ambazo vipengele vipya vinaruhusiwa, kisha siku 25 za marekebisho peke yake. Nikiwa mtu wa nje ninayetegemea libcurl, naweza kufungua kalenda nikajua lini nisiguse kitu.

Na namba kubwa kwao? Tarehe 20 Machi 2023, siku mradi ulipotimiza miaka 25, walitoka 7.88.1 wakaingia 8.0.0. Ungedhani wamevunja nyumba nzima. Kwa programu zilizokwishajengwa, hawakuvunja ukuta hata mmoja. Namba ya kati ilikuwa imekuwa ndefu, wakaamua kuirudisha sifuri. Tangu 7.16.0 ya Oktoba 2006, programu iliyojengwa na libcurl ya zamani inaendelea kufanya kazi ukiweka faili jipya la maktaba, bila kuijenga upya. Namba 8 kwao ilikuwa keki ya siku ya kuzaliwa. Na keki yenyewe iliungua kidogo: siku ileile walilazimika kutoa 8.0.1, maana 8.0.0 ilikuwa na hitilafu ya kuangusha programu. Naipenda habari hii kwa sababu inaonyesha kwamba hata mwenye ratiba safi anateleza; tofauti ni kwamba mitambo yake ya kutoa toleo ilikuwa bado ina joto, akasahihisha kabla ya jua kutua.

Upande wa matatu, OpenSSL, maktaba ya kuficha mawasiliano ya mtandao yasisomwe na wengine. Toleo la 1.1.1 lilitoka Septemba 2018. Lililofuata, 3.0, likatoka Septemba 2021, miaka mitatu baadaye, baada ya matoleo ya majaribio 17 ya alfa na 2 ya beta. Lilikuwa kazi kubwa kweli, leseni ikabadilika kuwa ya Apache, muundo wa ndani ukapangwa upya. Lakini tazama walichofanya baadaye. Kuanzia 3.3 ya Aprili 2024 wakahamia kwenye tarehe: Aprili na Oktoba, kila mwaka. Wamesafiri kwa matatu, wakashuka, wakakata tiketi ya treni.

Kilichonigusa zaidi ni namna walivyoibeba QUIC, ile itifaki (kanuni za kompyuta kuzungumza) inayopita juu ya UDP, ambayo hutuma data bila kungoja kuitikiwa, badala ya TCP, ambayo kwanza hubisha hodi ikangoja jibu, na iliyosanifishwa Mei 2021 katika waraka uitwao RFC 9000. Hawakungoja iwe nzima. Upande wa mteja ukaingia kwenye 3.2, Novemba 2023. Upande wa seva ukaja kwenye 3.5, Aprili 2025. Mzigo mmoja, safari mbili. Sisi nasi tuna QUIC kwenye tawi lake, yaani nakala ya msimbo iliyo kando, na ndiyo sababu hasa ya mwenzetu kudai 2.0. Anasema haiwezi kukatwa. Nikamwonyesha hiyo. Akanyamaza, akachovya kiazi kwenye ukwaju.

Namba iliyotuumbua

Kabla ya kwenda mbali na hesabu za dogo na kubwa, nisimulie yaliyotukuta na 1.8.

Maktaba yetu ina muda wa kungoja. Ukiiambia ifungue muunganisho na usitaje ingoje kiasi gani, inangoja sekunde 30 kisha inarudisha kosa. Mmoja wetu, nami niliunga mkono, akaona sekunde 30 ni nyingi mno, mtumiaji anaganda mbele ya skrini. Tukazishusha zikawa 10. Mstari mmoja wa msimbo. Hakuna fanksheni iliyoondolewa wala kubadilishwa jina, kwa hiyo kwa ule utaratibu wa namba tatu ambao wengi tunaufuata (ya kwanza kwa mabadiliko yanayovunja, ya pili kwa nyongeza, ya tatu kwa viraka) halikuwa jambo la namba ya kwanza. Tukalitia ndani ya 1.8, tukalala.

Jumatatu asubuhi simu ikalia. Ni mzee mmoja mwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, yuko Shimanzi. Programu yake ya kufuatilia kontena iliandikwa juu ya maktaba yetu na kijana ambaye siku hizi yuko Nairobi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, kompyuta zangu zasema muda umekwisha. Muda wa nani?"

Nikaenda. Ruta ya pale ilikuwa inazigawia kompyuta seva mbili za majina, zile zinazogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba, na ya kwanza ilikufa zamani bila mtu kujua. Kompyuta zake ni za Linux, na Linux ikiuliza jina ikakosa jibu, kwa kawaida hungoja sekunde 5 ndipo igeukie seva ya pili. Kwa hiyo kila muunganisho ulikuwa unaanza na deni la sekunde 5. Muda wetu wa kungoja unahesabu vyote viwili, kuuliza jina na kubisha hodi. Zamani, katika 30 ukitoa 5, zinabaki 25. Sasa zilibaki 5.

Hapo ndipo hesabu inapouma. TCP ikibisha hodi isijibiwe, kwa kawaida hurudia baada ya sekunde 1, kisha huongeza subira mara mbili kila inaporudia: 2, 4, 8. Yaani inabisha sekunde ya 0, ya 1, ya 3, ya 7, ya 15. Mwenye sekunde 25 anabisha mara tano. Mwenye sekunde 5 anabisha mara tatu, zote zikiwa zimerundikana mwanzoni. Saa mbili asubuhi, mtaa mzima uko hewani, pakiti, vile vipande vya data, zinadondoka, mara tatu hazitoshi. Kufika saa tano msongamano unapungua, programu inapona yenyewe, na mzee anaambiwa na vijana wake kwamba ni shetani la mtandao.

Nikaiondoa ile seva mfu kwenye ruta, jioni tukatoa 1.8.1 na sekunde 30 zikarudi. Mzee akanipa kahawa tungu na halua, wala hakuuliza kosa lilikuwa la nani.

Tangu siku hiyo, tukipanga toleo, swali letu la kwanza limekuwa: nani ataamka asubuhi akute kitu kinatenda tofauti ingawa hakugusa chochote? Badiliko la mstari mmoja linaweza kuwa 2.0 kwa mtu wa Shimanzi, na 8.0.0 ya curl haikuwa kitu kwa wengi. Namba ni ahadi tu unayoiandika mlangoni. Kwa toleo lijalo tumekubaliana kwamba thamani yoyote inayotumika pale mtu asiposema kitu haiguswi katika toleo dogo, hata ikiwa ya kijinga. Anayetaka sekunde 10 aseme 10.

Na majaribio tumeyabadilisha. Linux ina zana yake, netem, ya kuchelewesha na kudondosha pakiti kwa makusudi. Kila msimbo unaoingia sasa unapitishwa humo kabla ya kukubaliwa. Kabla ya hapo tulikuwa tunajaribu kwenye intaneti ya nyumbani, ambayo kwa sisi tulio mji uleule kebo za baharini zinapopandia nchi kavu ni nzuri kupita kiasi. Siku tuliyopata jaribio la haki ni Mei 2024, kebo za EASSy na Seacom zilipokatika pamoja. Siku ile tuligundua hitilafu tatu kwa mpigo.

2.0 inagharimu nini

Kuandika 2.0 si ghali. Ghali ni kuwa na 1.x na 2.x kwa pamoja. Siku ukitoa 2.0 iliyovunja mkataba, watumiaji wako hawahami; wanaanza kufikiria kuhama. Python 3 ilitoka Desemba 2008, na Python 2 ikazikwa rasmi tarehe 1 Januari 2020, zaidi ya miaka kumi na moja ya kulea watoto wawili. Waandishi wa msimbo wa mtandao waliionja tabu hiyo kuliko wengi, maana moja ya mambo yaliyobadilika ilikuwa tofauti kati ya maandishi na baiti, na soketi, mlango wa programu kwenda mtandaoni, haijui maandishi, inajua baiti, yaani namba tupu. OpenSSL nao walipotoa 3.0 iliwabidi waendelee kuilinda 1.1.1 hadi Septemba 2023.

Wao wana watu na fedha. Sisi wanne, kila rekebisho tungeliandika mara mbili na kulijaribu mara mbili. Yaliyotokea kwa xz, programu ya kubana mafaili, Machi 2024, ambapo mlango wa siri ulikutwa ndani ya matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, yalianza na mtunzaji mmoja aliyechoka na watu wasiojulikana waliokuwa wakimsukuma aharakishe na akabidhi kazi. Kuchoka nako kuna gharama, hata kama haimo kwenye orodha ya vipengele.

Pale mwenzetu anaponishinda

Kuna kosa ambalo huwezi kulitibu kwa viraka. Fanksheni yetu ya kwanza kabisa inapokea anwani kama namba moja ya biti 32. Iliandikwa na mtu (sitamtaja, ni mimi) aliyefikiri IPv4, mfumo wa zamani wa anwani za mtandao, itatosha. Anwani ya IPv6, mfumo mpya, ina biti 128. Haiingii humo, hata ukikaa juu ya begi ulifunge. Kwa kasoro za namna hii mwenzetu anasema: vunja, andika 2.0, watu walie mara moja.

Jibu langu ni la kizee: jenga chumba kipya kando ya cha zamani. Ndivyo ilivyokuwa kwa gethostbyname, fanksheni ya zamani ya kutafuta anwani, ambayo inarudisha jibu mahali pamoja palepale kila ikiitwa, hivyo nyuzi mbili (kazi mbili zinazoenda sambamba ndani ya programu moja) zikiitumia kwa wakati mmoja zinaharibiana. Hawakuing'oa. Waliweka getaddrinfo pembeni yake, watu wakahamia taratibu, na ya zamani ipo hadi leo kwa wenye programu za zamani.

Lakini anajibu, na hapa sina la kusema: vipi ikiwa kosa ni la usalama? Tuseme maktaba, pale mtumiaji asipotaja chochote, haikagui cheti cha seva, kile kinachothibitisha kwamba seva ndiyo yenyewe. Chumba kipya pembeni hakisaidii, maana wengi watabaki kwenye cha zamani wakiwa uchi bila kujua. Hapo unavunja, unaandika 2.0 kwa herufi kubwa, na unaeleza kwa nini. Maktaba yetu inakagua tangu 1.0, tumesalimika. Ikiwa yako haikagui, acha kusoma hapa ukaandike 2.0 yako.

Dharura hazina ratiba

Anayefuata tarehe asiifanye tarehe kuwa dini. Toleo la 8.3.0 la curl lilitoka tarehe 13 Septemba 2023. Kisha ikapatikana hitilafu nzito ya usalama katika njia ya SOCKS5, ya kupitisha muunganisho kwenye seva ya kati, ile iliyosajiliwa kama CVE-2023-38545. Wakaufupisha mzunguko, 8.4.0 ikatoka tarehe 11 Oktoba, wiki nne badala ya nane. Mwenye treni anaweza kuleta treni ya ziada kwa sababu njia ni safi na wafanyakazi wanajua kazi. Mwenye 2.0 iliyokaa miezi minane ikiwa nusu, siku ya dharura anakuta hana hata tawi safi la kutolea kiraka.

Kalenda ya huku kwetu

Hili halichukui muda. Wiki nane zikianguka kumi la mwisho la Ramadhani, sisi tunasogeza. Mwaka wa Kiislamu unarudi nyuma kwa kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo huwezi kupanga mara moja ukamaliza. Ijumaa hatutoi kitu. Masika stima hupotea ovyo, tunaacha siku mbili za akiba. Jumatano imetufaa: Alhamisi mtu yuko ofisini kulalamika, nasi tupo kumsikiliza.

Jambo jingine dogo lililotuchekesha. Tulipotangaza kwamba baada ya 1.9 inakuja 1.10, mtumiaji mmoja aliuliza kwa nini tunarudi nyuma, maana kwake 1.10 ni 1.1. Ubuntu, watoaji wa aina moja ya Linux, walilikwepa hili kwa kuandika mwaka na mwezi, 24.04 ni Aprili 2024, na msomaji anajua umri wa toleo kwa kulitazama. Tuliifikiria njia hiyo. Kasoro yake ni kwamba inakuambia lini, haikuambii kama kuna kilichovunjika, na kwa maktaba la pili ndilo watu wanalotaka kujua.

Basi uchague lipi

Ikiwa watumiaji wako ni waandishi wa programu wanaoweza kujenga upya kila wiki, mko kikundi chenye watu wa kutunza matawi mawili, na kosa mnalolitibu liko kwenye msingi, fuateni 2.0, lakini tangazeni siku ya kuizika 1.x kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Ikiwa maktaba yako imo ndani ya vifaa au ofisi ambazo aliyezijenga ameshaondoka, kama ile ya Shimanzi, chagua tarehe, matoleo madogo, na usiguse lisiloombwa. Mradi wa mtu mmoja sioni hata haja ya kulinganisha: tarehe, na iwe mbali, hata miezi mitatu, ili upate usingizi.

Sisi tumepiga kura Jumamosi, watatu kwa mmoja. Inatoka 1.10, Jumatano, wiki nane kuanzia toleo lililopita. Mlango wa vipengele unafungwa siku 25 kabla. Ndani yake kuna fanksheni mpya ya anwani inayobeba IPv6 kando ya ile yangu ya aibu, na marekebisho tisa yaliyokuwa yamekaa dirishani. QUIC inabaki kwenye tawi lake. Mwenzetu amekubali kuukata upande wa mteja uje katika 1.11, ingawa ameomba iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba hakufurahi. Tumeiandika.

Jaribio la mwisho tutalifanyia Shimanzi, kwenye ile ruta, saa mbili asubuhi. Nimempigia mzee, amekubali, ila ametuambia tusije siku ambayo mzigo wake uko melini.